Udongo wa Rubaya, Mwamba wa Bisie

Jumatano ya tarehe 28 Januari 2026, sehemu ya mlima wa Rubaya katika wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, iliporomoka na kuwafukia watu waliokuwa wakichimba koltani. Siku mbili baadaye, msemaji wa gavana aliyewekwa na waasi wa AFC/M23 alisema waliokufa wamepita 200. Walikuwamo wachimbaji, watoto, na kina mama wachuuzi waliokwenda pale kutafuta riziki ya siku. Sababu iliyotolewa ilikuwa ileile tuliyoizoea: ni majira ya mvua, ardhi imelegea.

Mvua ilinyesha, hilo halina ubishi. Lakini mvua haikuanza mwaka huu, wala hainyeshi Rubaya peke yake. Ukishuka kutoka nyanda za juu za Masisi kuelekea magharibi hadi ndani ya misitu ya Walikale, mvua inazidi. Huko haina hata adabu ya kungoja msimu. Na katikati ya msitu huo, mahali paitwapo Bisie, watu huingia kila siku ndani kabisa ya mlima kuchimba madini ya bati, kwa magari, kwa taa, kwa mafeni makubwa ya kusukuma hewa. Bisie si peponi, na tutayasema yake. Ila hatujasikia mgodi wake wa sasa ukimeza watu 200 kwa siku moja. Anayetaka kujua kwa nini, na aanze na miamba, kisha aje kwa watu.

Kabla ya hapo, neno moja juu ya makaa ya mawe, kwa maana wasomaji wengi wakisikia habari za mgodi wa chini ya ardhi hufikiria hayo kwanza. Kivu Kaskazini haina mgodi wa makaa ya mawe. Makaa ya mawe ya Kongo yako mbali kusini, katika bonde la Lukuga karibu na Kalemie, na huko Luena. Ni mabaki ya mimea iliyofukiwa yapata miaka milioni 300 hadi 250 iliyopita. Masufuria ya Goma na Sake huchemka kwa makala, yaani mkaa wa miti, na makala hayo yana habari yake ya huzuni katika misitu ya Virunga na Masisi. Miamba ya Masisi na Walikale ni mizee kuliko makaa ya Lukuga mara nne na zaidi. Ilipokuwa ikiumbwa, juu ya nchi hapakuwa na mti hata mmoja wa kuanguka na kuoza.

Asili yake ni matope. Zaidi ya miaka bilioni 1.3 iliyopita, matope na mchanga vilikuwa vikitua katika mabonde ya maji yaliyofunika sehemu hii ya Afrika. Baadaye ardhi ikabanwa, ikakunjwa, ikapashwa moto. Matope yakageuka kuwa shisti, ule mwamba unaobanduka tabaka kwa tabaka na kumetameta kwa ulanga. Mchanga ukageuka kuwa mwamba mweupe mgumu unaotoa cheche ukigongwa kwa nyundo. Wajiolojia waliupa ukanda huo jina la Kibara, kwa kufuata milima ya Katanga. Unaanzia huko, unapita Maniema na Kivu, unaingia Rwanda na Burundi, unaishia Karagwe na Ankole. Ndiyo maana mchimba bati wa Kyerwa, Tanzania, na mchimba bati wa Walikale wanachimba urithi mmoja hata kama hawajawahi kuonana.

Yapata miaka bilioni 1 iliyopita, graniti iliyoyeyuka ilipanda kutoka chini na kujipenyeza katika shisti hiyo. Sehemu kubwa yake iliganda kimyakimya. Kilichobaki mwishoni kilikuwa kimiminika chenye maji mengi, kilichobeba vitu ambavyo graniti yenyewe haikuvitaka: bati, tantalamu, niobiamu, volframu, na kule Manono lithiamu kwa wingi. Kimiminika hicho kilitafuta nyufa. Na kwa nchi tunayoizungumzia, namna kilivyoganda katika nyufa hizo ndiyo iliyoamua hatima ya wachimbaji wa leo.

Huko Rubaya kiliganda kuwa pegmatiti, mwamba wa chembe kubwakubwa: felspa nyeupe, kwazi, mabamba ya ulanga, na katikati yake punje nyeusi nzito za koltani, zilizobeba ile tantalamu. Felspa ikiwa salama ni ngumu. Lakini ikikaa karibu na uso wa nchi katika ukanda wa joto, kwa mamilioni ya miaka ya mvua, inaoza. Maji yenye tindikali hafifu ya udongo huondoa potasiamu na sodiamu, na kinachobaki ni kaolini, udongo mweupe laini unaosagika kati ya vidole. Pegmatiti za Rubaya zimeoza hivyo hadi chini sana. Shisti iliyozizunguka nayo imelainika, imegeuka udongo mwekundu na wa kahawia.

Hiyo ndiyo neema ya Rubaya, na ndiyo balaa lake. Neema, kwa sababu koltani haiozi. Felspa inapogeuka udongo, punje nyeusi zinabaki palepale zikingoja sururu na maji. Mtu asiye na mtaji wowote isipokuwa chepe, sururu na beseni anaweza kuzitoa. Hahitaji baruti, hahitaji mashine ya kusaga mawe. Kwa sababu hiyo Rubaya, mji mdogo ambao watu wengi duniani hawawezi kuuonyesha kwenye ramani, unatajwa na Umoja wa Mataifa kuwa unatoa zaidi ya asilimia 15 ya tantalamu ya dunia, ile inayowekwa ndani ya simu na kompyuta kuhifadhi chaji. Kwa sehemu kubwa, kazi hiyo imefanywa kwa mikono.

Balaa, kwa sababu kilichorahisisha kuchimba ndicho kinachorahisisha kuporomoka. Kaolini ikilowa ni kama unga wa muhogo uliomwagiwa maji: kwanza unanyonya, unaonekana bado umesimama, halafu ghafla unatepeta. Ukuta wa shimo uliosimama wima Julai na Agosti unaweza usidumu Novemba. Maji ya mvua yanaingia kwenye mipasuko, yanajaza nafasi kati ya chembe, yanazisukuma zisishikane, na uzito wa mlima unapata pa kwenda. Halafu kuna yale mashimo yenyewe. Watu wanachimba vichuguu kufuata mshipa wa pegmatiti, vikikatana na vichuguu vya majirani zao. Juu ya hapo kundi jingine linakata mlima kwa maji ya mifereji, na udongo uliokwisha kuoshwa unamwagwa kwenye mteremko uleule. Mlima unatobolewa tumboni na kubebeshwa mzigo mgongoni kwa wakati mmoja.

Sheria ya madini ya Kongo ya mwaka 2002, ambayo ilirekebishwa mwaka 2018, inajua hatari hii. Inamruhusu mchimbaji wa mikono kufika kina cha mita 30, si zaidi. Kuna idara nzima ya serikali, SAEMAPE, ambayo ilikuwa ikiitwa SAESSCAM, yenye kazi ya kuwafundisha na kuwasimamia wachimbaji wadogo. Ukiuliza kama mita 30 ni kina salama, jibu la mtu wa miamba litakuwa: mahali gani? Katika mwamba mzima mita 30 si kitu. Katika kaolini ya Rubaya iliyolowa, mita 5 zinatosha kumuua mtu. Nionavyo mimi, kipimo hicho kimoja kwa nchi nzima kiliandikwa na watu waliofikiria kamba ya kupimia kuliko udongo.

Tena Rubaya imesimama mahali pabaya. Nchi ya Masisi haikuwa juu hivi tangu zamani. Bonde la Ufa la magharibi linapotanuka, kingo zake huinuka, na Masisi ni mojawapo ya kingo hizo. Ziwa Kivu liko chini, kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na milima ya Masisi inapanda kutoka hapo hadi kupita mita 2,000. Mwinuko huo ni mpya kwa hesabu ya miamba, na mito bado inakata mabonde kwa pupa. Matokeo yake ni miteremko mikali iliyofunikwa na tabaka nene la udongo uliooza. Upande wa mashariki Nyiragongo na Nyamulagira zimeongeza majivu na lava, ndiyo rutuba inayoifanya Masisi iwe ghala la maharage, viazi na jibini. Volkano hizo hazilali, na ufa wenyewe pia haulali. Oktoba 2002 tetemeko la kipimo cha 6.2 lilipiga Kalehe, jirani kabisa na Masisi, na baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021 ardhi ya Goma ilitikisika siku baada ya siku.

Halafu kuna miti. Kati ya mwaka 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji iliwahamishia Masisi maelfu ya watu kutoka Rwanda, ili mashamba ya walowezi yapate vibarua. Misitu ikafyekwa kupanda kahawa, chai na pareto, kisha ikafyekwa zaidi kuwa malisho ya ng'ombe. Mizizi ya msitu wa mlimani hushona udongo hadi chini. Nyasi za malisho hushona shubiri moja. Leo miti inayoonekana sana kwenye vilima vya Masisi ni mikaratusi, iliyopandwa kwa ajili ya mbao, makala, na nguzo. Na nguzo hizo ndizo zinazokwenda kushikilia dari za vichuguu vya Rubaya pale ambapo mwenye shimo amekubali kuzinunua. Asipozinunua, dari inashikiliwa na dua.

Bila shaka mtu hazaliwi akiwa mchimba koltani. Katika miaka ya 1980 bati na koltani za Kivu zilikuwa mikononi mwa kampuni kubwa iliyoitwa SOMINKI. Bei ya bati ilipoanguka duniani Oktoba 1985, kampuni ikaanza kufa, na wachimbaji wa mikono wakaingia pale mashine zilipotoka. Mwaka 2000 bei ya koltani ikapaa kwa ghafla, vijana wa Masisi wakaacha majembe ya shambani. Tangu hapo milima ya Rubaya imepita mikononi mwa wengi: kampuni yenye hati ya serikali, ushirika wa wachimbaji uitwao COOPERAMMA, makundi ya wenye silaha ya kila rangi. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 wakauteka mji. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kwa ushuru wa koltani peke yake kundi hilo lilikuwa likikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba madini yalikuwa yakivushwa kwenda Rwanda. Rwanda imekuwa ikikana kuhusika. Wachumi wamezichambua fedha hizo sana. Swali la mjiolojia ni jingine: katika dola hizo 800,000, ngapi zilirudi kuchimba mtaro wa kutoa maji mlimani?

Tuteremke sasa Walikale. Ni nchi nyingine. Masisi ina kilomita za mraba 4,734. Walikale ina 23,475, wilaya kubwa kuliko zote Kivu Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu mnene wa tambarare. Ni makao ya sokwe wakubwa wa Grauer, ambao hawapatikani popote duniani nje ya mashariki ya Kongo. Bisie iko kaskazini-magharibi ya Walikale-centre, ndani ya sekta ya Wanianga, kwenye mgongo wa mlima uliofunikwa na miti.

Bati lake lilianza kuchimbwa mwaka 2002. Habari zikaenea, na ndani ya muda mfupi kijiji cha Manoire kikazuka msituni, chenye maduka, baa, makanisa na maelfu ya watu, bila barabara. Kila kitu kiliingia kwa kichwa na mgongo: mafuta, bia, mchele, jenereta. Na kila kilo ya kasiteriti, yaani madini ya bati, ilitoka hivyohivyo. Wabebaji walijitwika magunia ya kilo 50 na kukanyaga matope kwa siku mbili hadi Njingala. Kutoka hapo mzigo ulipelekwa Kilambo, ambako ndege zilitua juu ya barabara ya lami, magari yakisimamishwa kuzipisha. Kwa miaka kadhaa aliyeitawala Bisie alikuwa mwenye bunduki, ikiwemo brigedi ya 85 ya jeshi la taifa, na kila shimo lilikuwa na mwenyewe na kila mwenyewe alikuwa na wa kumlipa. Mwaka 2010 filamu ya Mdenmark Frank Piasecki Poulsen, iitwayo Blood in the Mobile, ilionyesha vichuguu hivyo kwa dunia: vijana wamejikunja gizani, tochi kichwani, hewa nzito. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema; ukaruhusiwa tena Machi 2011.

Hapo ndipo inapoonekana kwamba mwamba mgumu peke yake hauokoi mtu. Bisie ya Manoire ilikuwa na mwamba mzuri kuliko wa Rubaya na bado iliua, kwa hewa mbaya, kwa maji, kwa mawe yaliyodondoka. Kimiminika cha graniti hakikuganda kuwa pegmatiti pale. Kilipita kikiwa maji ya moto katika shisti, kikaigeuza kuwa mwamba wa kijani uliojaa kloriti, kikaacha ndani yake mishipa ya kasiteriti tupu. Mishipa hiyo imeinama kuingia mlimani kwa mteremko mkali. Anayechimba kwa mkono anaifuata chini kadiri anavyoweza, mpaka pumzi inakata au maji yanamzidi.

Kampuni ya Alphamin, iliyosajiliwa Mauritius, ndiyo iliyopata hati ya kuchimba hapo, ikishirikiana na shirika la maendeleo ya viwanda la Afrika Kusini. Serikali ya Kongo ina asilimia 5. Kazi ya kwanza ya kampuni ilikuwa kutoboa. Walipeleka mashine za kuchoronga, wakatoa fimbo za mawe kutoka chini, mita baada ya mita, wakaandika kila kipande kina nini na kimevunjika namna gani. Walipomaliza walijua mshipa unakwenda wapi, unene wake, na mwamba uliouzunguka unaweza kusimama peke yake kwa upana gani. Kiasi cha bati kilikuwa cha ajabu: asilimia 4 na zaidi ya uzito wa mwamba, wakati migodi mingine ya bati ya chini ya ardhi hushukuru ikipata 1 au 2. Barabara ikakatwa msituni hadi mlimani. Mwaka 2019 mgodi wa Mpama Kaskazini, hapohapo Bisie, ulianza kuuza, na mwaka 2024 Mpama Kusini ukafuata. Mwaka huo wa 2024 Bisie ilitoa tani 17,324 za bati, takriban asilimia 6 ya bati yote iliyochimbwa duniani.

Ndani, mlima haukuachwa ujitegemee. Njia zinateremka kwa mzunguko kufuata mshipa, zikiwa pana kiasi cha kupitisha malori. Dari inapigiliwa vyuma virefu vinavyofunga tabaka za shisti pamoja, kwa maana shisti, kama nilivyosema, inabanduka. Penye udhaifu huongezwa wavu. Pampu hutoa maji usiku na mchana. Mafeni huingiza hewa safi na kutoa moshi wa baruti na wa dizeli. Mawe yakitoka husagwa, na kasiteriti, ambayo ni nzito karibu mara saba ya maji, hutengwa kwa kutikiswa na kuoshwa, kanuni ileile ya beseni la mchimbaji, ila kwa ukubwa wa kiwanda.

Haya yote yana deni lake kwa mazingira, na si haki kulificha kwa sababu tu Rubaya ni mbaya zaidi. Umeme wa Bisie umekuwa ukitoka kwenye majenereta ya dizeli, iliyosafirishwa kwa malori kwa barabara ndefu za udongo. Barabara iliyomfikisha mchimbaji inamfikisha pia mwindaji, mpasua mbao na mchoma makala, na hiyo ndiyo hofu kubwa ya wapenzi wa misitu kokote bonde la Kongo. Mawe yaliyosagwa hayarudi yote chini. Yanahifadhiwa kwenye bwawa la mabaki katika nchi ya mvua za kila mwezi, na ukuta wa bwawa hilo unapaswa kusimama hata baada ya kampuni kuondoka. Kasiteriti ya Bisie pia imechanganyika na madini ya salfa. Hayo yakifukuliwa na kukutana na hewa na maji huweza kutengeneza tindikali inayoamsha metali nyingine. Kuna pia vijana waliofukuzwa kwenye mashimo yao ili mashine ziingie, na manung'uniko yao hayajaisha. Sheria ya 2018 inataka asilimia 15 ya mrabaha wa mgodi iende moja kwa moja kwa serikali ya mahali, na asilimia 0.3 ya mauzo iende kwa miradi ya jamii. Mwananchi wa Wanianga ana haki ya kudai hesabu hizo zibandikwe ukutani.

Wapo wanaosema maji ya Masisi ni ya Masisi na ya Walikale ni ya Walikale. Ramani inawakatalia. Mvua inayoangukia miteremko ya mashariki ya Masisi inaingia Ziwa Kivu, inatoka kwa Ruzizi hadi Tanganyika, inatoka tena kwa mto Lukuga kupita karibu na yale makaa ya mawe ya Kalemie, na kumwagika Lualaba. Mvua ya upande wa magharibi inakusanywa na mto Oso na ndugu zake, inashuka Walikale, inaungana na Lowa, na Lowa nayo inaishia Lualaba. Matope yanayooshwa kwenye milima ya juu yanapita kwa wavuvi wa msituni. Uoshaji wa koltani unatumia maji kwa wingi, na maji hayo hurudi mtoni yakiwa meupe kwa kaolini au mekundu kwa shisti iliyooza. Samaki wanaotaga kwenye changarawe safi hawapati pa kutaga. Mama wa kijijini anayeteka maji chini ya mgodi anangoja ndoo itulie kabla ya kupika, na siku nyingine haitulii.

Vita navyo vina jiolojia yake. Machi 2025, M23 walipokuwa wakisonga kuelekea magharibi kupitia Nyabiondo, Alphamin ilisimamisha kazi tarehe 13 na kuwaondoa wafanyakazi, ikibakiza wachache wa kulinda na kutunza mgodi. Siku chache baadaye waasi waliingia Walikale-centre. Walipoondoka mwanzoni mwa Aprili, mgodi ukaanza kufunguliwa tena hatua kwa hatua. Wengi waliisoma kama habari ya bei ya bati, ambayo kweli ilipanda. Mimi nilifikiria wale wachache waliobakizwa. Mgodi wa chini ya ardhi hauwezi kufungwa kama duka. Pampu zikizimwa, maji yanapanda. Maji yakipanda, shisti inalainika, na njia zilizopigiliwa kwa miaka zinaanza kulegea. Huko kwenye mashimo ya mkono, vita vikipita, mtu anarudi kuingia kichuguu kilichokaa wiki kadhaa na maji bila kujua dari imekuwaje. Na Desemba 2025 wakuu wa Kongo na Rwanda walipotia saini makubaliano ya amani huko Washington, na madini yakitajwa kwa ukarimu mwingi, sikusikia aliyetaja pembe ya mteremko wa Rubaya.

Baada ya maporomoko ya Januari, gavana wa waasi alitangaza kusimamisha uchimbaji na kuamuru waliojenga karibu na mashimo wahamishwe. Amri za namna hiyo zimewahi kutolewa na tawala zilizotangulia. Hudumu mpaka njaa inapozidi woga, na Masisi njaa haichelewi. Serikali ya Kinshasa kwa upande wake ilikwisha kuyatia machimbo ya huko alama nyekundu, maana yake madini yake hayaruhusiwi kuuzwa. Alama hiyo inamhusu mnunuzi. Haijazuia hata kilo moja ya udongo kuteremka.

Kinachoweza kuuzuia kinajulikana, na hakihitaji mtaji wa Bisie. Mlima uliooza haukatwi wima. Unakatwa kwa ngazi pana, kutoka juu kwenda chini, ili kila ukuta uwe mfupi. Mitaro huchimbwa juu ya machimbo ili maji ya mvua yapitie pembeni. Udongo uliokwisha kuoshwa haumwagwi juu ya vichwa vya watu. Vichuguu vya zamani huwekwa kwenye ramani, hata kama ni ya kuchorwa kwa mkono, ili mwenye shimo la leo asitoboe la jana lililojaa maji. Na mvua kubwa ikinyesha, watu hawaingii mpaka mtu mwenye ujuzi akague nyufa za juu. Wachimbaji wazoefu wa Rubaya wanayajua mengi ya haya, kwani wamezika wenzao. Wanachokosa ni mamlaka ya kumwambia mwenye shimo "leo hapana" bila kupoteza kazi.

Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi mikavu ya Masisi. Hiyo ndiyo nafasi ya kukata ngazi na kuchimba mitaro, wakati udongo bado unashikana. Anayeishika Rubaya sasa, na wanaonunua koltani yake kupitia mlango wowote ule, wanajua fedha ziko wapi. Wazitoe kabla ya Septemba, kwa maana mvua itarudi.